Bafu Lijaribiwe kwa Maji Kabla ya Vigae

Bafu lililokarabatiwa likianza kuvuja, lawama humwangukia fundi wa vigae, na tiba inayokimbiliwa ni kukwangua grauti na kujaza nyingine. Huko Masese, na Jinja yote kwa jumla, nchini Uganda, fedha nyingi hupotea kwa njia hii. Kigae hakipitishi maji kirahisi, lakini grauti ya saruji hunyonya hata ikijazwa vizuri namna gani. Kinachozuia maji ni tabaka la dawa lililopakwa chini ya vigae, ambalo likishafunikwa hakuna anayeliona tena. Wajenzi wa hamamu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850, walitegemea lipu ya chokaa. Uzuri wa kigae haukuwepo wa kuwadanganya. Mwenye nyumba wa leo anapaswa kudai tabaka hilo lijaribiwe kabla hajalipia kigae hata kimoja.

Jaribio lenyewe halihitaji mhandisi. Dawa ikishakauka, tundu la kutolea maji huzibwa kwa nguvu, mlangoni hupangwa tofali na udongo wa mfinyanzi, kisha maji humwagwa hadi yafikie kina cha vidole viwili. Alama ya penseli huchorwa ukutani usawa wa maji, na maji huachwa saa 24. Yakishuka chini ya alama kwa kiasi kinachoonekana wazi, au ukuta wa upande wa pili ukipapaswa ukawa na unyevunyevu, dawa irudiwe. Pembe ziangaliwe zaidi, maana sakafu na ukuta havisogei pamoja, na ufa huanzia hapo. Ndiyo sababu fundi makini hulaza utepe wa kitambaa ndani ya dawa pembeni, na juu ya vigae hutia silikoni badala ya grauti. Maji yakifunguliwa yatoke yote. Yakituama, mwinamo haujafika sentimita moja na nusu au mbili zinazotakiwa kwa kila mita.

Wapo watakaosema kwamba nyumba zetu ni za matofali, si za mbao kama za Marekani, hivyo maji kidogo hayaozeshi kitu. Hoja hii ina ukweli nusu. Tofali la kuchoma hunywa maji na kuyapandisha. Rangi hututumka, chumvi nyeupe hujitokeza na plasta hubanduka. Katika vyumba vya kupanga vinavyochangia ukuta, anayeoga ni mmoja na anayelala penye ukungu ni mwingine. Katika maghorofa ya zamani mjini Jinja, yaliyojengwa na Wahindi waliofukuzwa 1972, bafu la juu likivuja hasara ni ya mwenye duka la chini.

Fundi naye atasema kwamba amekwisha kuchanganya dawa ndani ya saruji. Husaidia, ila saruji ikipasuka, dawa iliyomo haizibi ufa. Kuhusu gharama, siku moja ya kungoja na madumu kadhaa ya maji ni nafuu kuliko kubomoa, kwa kuwa vigae vilivyoshika havibanduki vizima. Wala tusisubiri serikali: Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ipo, lakini sioni mkaguzi akija kuchungulia bafu la mtu. Na anayedhani mwenye nyumba wa kawaida hawezi kusimamia mambo haya, aukumbuke mradi wa nyumba wa wanawake wa Masese, ulioanza 1989 kwa msaada wa Denmark, ambamo wanawake wenyewe walitengeneza vifaa vya ujenzi.

Malipo basi yagawanywe, na sehemu ya vigae itolewe baada ya maji kulala saa 24. Fundi mwaminifu atafaidika, kwa sababu bomba likija kupasuka ukutani baadaye, hatabebeshwa kosa la fundi bomba. Kwa ambaye bafu lake linavuja tayari, afunge bomba zote za nyumba na kutazama mita: ikiendelea kuzunguka, huenda vigae havina hatia, na aitwe fundi bomba kabla ya nyundo kushikwa.