Safari ya Vuli Bila Deni



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za bei ya unga, ada za shule na namna ya kufanya mkaa udumu. Mwezi huu niruhusu nizungumze habari ya safari ya Ulaya. Usifunue ukurasa mwingine ukidhani hayo ni mambo ya matajiri. Mimi ni mke wa mwalimu mstaafu, na mengi niliyojifunza katika safari hiyo nilijifunza kwa kukosea kwanza.

Mume wangu alifundisha historia kwa miaka 30. Kila mwaka aliwasimulia wanafunzi jinsi David Livingstone alivyofariki mwaka 1873, na jinsi Chuma, Susi na wenzao walivyoubeba mwili wake hadi Bagamoyo, ukasafirishwa kwenda Uingereza na kuzikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Tulipokaribia kutimiza miaka 25 ya ndoa, nilimwuliza angependa tusherehekee vipi. Akajibu, "Mama watoto, ningependa kuliona kaburi lile."

Nilifurahi kupita kiasi. Nikaona tangazo la tiketi za bei ya chini, nikanunua mbili siku ile ile, kwa mkopo kutoka kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kisha, ili akaunti yetu ionekane imenona, tukaazima fedha kwa ndugu na kuziweka benki wiki moja kabla ya kuomba viza. Tukakataliwa. Fedha nyingi zilizoingia ghafla bila maelezo hazikumdanganya mtu. Na tiketi zetu zilikuwa zile zisizorudishwa. Tuliulipa mkopo ule kwa miezi 11, kwa safari ambayo hatukuifanya, na kwa muda mrefu mezani kwetu ilisikika milio ya vijiko tu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku moja mume wangu alirudi na daftari jipya, akaliweka mbele yangu na kusema, "Tuanze upya, ila safari hii tuandike wote wawili." Haya ndiyo tuliyoyaandika.

Kwanza, viza kabla ya tiketi. Maombi ya viza ya matembezi ya Uingereza hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya siku ya kusafiri, na kwa kawaida jibu huchukua kama wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Ada yake ni zaidi ya pauni 100 kwa kila mtu, wala hairudishwi ukikataliwa. Basi uliza kiwango cha sasa kabla hujaanza. Fedha kidogo inayoingia kila mwezi na kueleweka inatoka wapi ina nguvu kuliko fungu kubwa la kuazima. Mara ya pili tulieleza kweli tupu: pensheni ya baba, duka langu la vitambaa, na nyumba tutakayorudi. Tulipata.

Pili, majira. Sisi tukisema vuli twafikiri mvua. Kule vuli ni Septemba hadi Novemba, wakati majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika. Msongamano wa Julai na Agosti umekwisha, wa Krismasi haujafika, na mara nyingi nauli za ndege hushuka. Lakini jihadhari na mwisho wa Oktoba, maana shule nyingi za kule hufungwa kwa wiki moja na vyumba hupanda bei. Tena Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa hurudishwa nyuma, na jua huzama kabla ya saa 11 jioni. Sisi tulichagua wiki ya pili ya Oktoba. Joto la mchana lilikuwa kama nyuzi 15. Makoti tuliyanunua mitumbani kabla ya kuondoka. Mume wangu akasema tunayarudisha kwao kusalimia.

Tatu, ndege. Kutoka Dar es Salaam utabadili ndege njiani, kwa mfano Nairobi, Addis Ababa au Istanbul. Nairobi hadi London peke yake ni karibu saa 9 angani. Tiketi ya bei ya chini kabisa huenda ikawa na saa nyingi za kungoja, au isiwe na nafasi ya sanduku. Jumlisha na gharama ya chakula cha uwanjani ndipo useme ni rahisi. Ndani ya ndege inuka utembee mara kwa mara na kunywa maji, kwa sababu kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza, na dawa zake azibebe mkobani, si katika sanduku. Usifungashe nyama wala samli, havikubaliwi kule.

Nne, maisha ya mjini. Tulipanga chumba cha watu wawili katika hosteli yenye jiko la wageni, kwa maana hosteli si za vijana peke yao. Asubuhi chai na mkate, jioni wali na maharage niliyopika mwenyewe. Kutoka uwanja wa Heathrow tulipanda treni ya chini ya ardhi badala ya teksi. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014, kwa hiyo kila mmoja awe na kadi yake. Ukilipa nauli mara moja, waweza kubadili mabasi ndani ya saa moja bila kulipa tena. British Museum, National Gallery na Natural History Museum huingiwa bure, isipokuwa maonyesho maalumu. Bustani za Hyde Park na Greenwich pia ni bure, na hapo ndipo tulipotembea juu ya majani makavu kama wachumba.

Tano, zawadi. Andika majina na kiasi kabla ya kuondoka nyumbani. Ukiamua dukani, moyo utatumia fedha ya ada.

Kiingilio kimoja tu ndicho tulicholipa. Westminster Abbey haimtozi anayekwenda kusali, lakini mtalii hulipa, na si kidogo. Kiasi hicho kilikuwa daftarini tangu ukurasa wa kwanza. Mume wangu alisimama kimya mbele ya jiwe lile, kofia mkononi. Kisha akaninong'oneza, "Wale walitembea miezi 9, mzigo mabegani. Sisi tumetembea miaka 2." Akanishika mkono. Nikajua kwamba deni la mwisho, lile la ukimya wa mezani, limelipwa.

Mama mwenzangu, tiketi ya bei ya chini haikutuokoa chochote mara ya kwanza, kwa sababu niliinunua peke yangu na kwa fedha isiyo yangu. Safari yenye unafuu ni ile ambayo mume na mke wameijua gharama yake yote kabla ya kufunga sanduku, na wakirudi hakuna anayewangoja mlangoni akidai. Na kama safari yenu mwaka huu ni ya kufika Bagamoyo tu na kurudi jioni, daftari ni lile lile.

Tukutane mwezi ujao.