Sinema zetu na wenye ufunguo

Wengi husema video na simu ndizo zilizoziua sinema za Mombasa, kina Regal na Naaz. Sikatai, lakini mimi naitazama pia mashine yenyewe. Projekta ya mkanda wa milimita 35, picha 24 kwa sekunde, fundi wetu aliifungua akaitia mafuta. Mkanda ukikatika aliuunga, watu wakipiga miluzi, onyesho likaendelea. Ya dijitali haina huruma hiyo. Filamu huja imefungwa, na ufunguo wake ni wa mashine ile tu, kwa siku zilizowekwa. Mwaka 2014 Paramount ilianza kuachana na mikanda huko Marekani. Basi anayetaka kufufua sinema ya mtaa hapa kwetu, projekta pekee haimtoshi. Atahitaji mkataba na wenye ufunguo, nao hawakai Makadara.