Kusafiri kwa ndege na mtoto mwenye mzio mkali wa chakula: hatari iko wapi hasa?

Mzazi ambaye mtoto wake amewahi kuvimba midomo na kukosa pumzi baada ya kuonja karanga huiogopa ndege kwa sababu inayoeleweka. Mkiwa angani hakuna hospitali ya kukimbilia, na abiria wengi hufungua vitafunio kwa wakati mmoja. Wengine huahirisha safari ya kwenda kumwona bibi, au ya matibabu, kwa hofu hiyo tu. Lakini katika miaka ya karibuni utafiti na sheria zimesogea, na jibu la swali la kila mlezi limebadilika: hatari yenyewe iko wapi, na nani anapaswa kuizuia?

Maelezo haya ni ya kukusaidia kujipanga. Hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mtoto wako.

Mzio mkali ni upi?

Mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyouita, hutokea pale kinga ya mwili inapokosea na kukiona chakula cha kawaida kama adui. Karanga, korosho na jamii yake, ufuta, maziwa, mayai, samaki, kamba, ngano na soya ndivyo vyakula vinavyotajwa zaidi. Kwa watoto wengi mzio huishia kwenye vipele na kuwashwa. Kwa wachache mwili mzima huingia kwenye hatari kwa dakika chache: koo huvimba, mapafu hubana, presha ya damu hushuka. Hali hiyo huitwa anafilaksia. Dawa yake ya kwanza ni moja tu, adrenalini, ambayo kwa kawaida hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje.

Setirizini au Piritoni hupunguza kuwashwa. Hazifungui koo lililovimba wala hazirudishi presha. Mlezi akilikumbuka hili peke yake, tayari ana silaha kubwa.

Je, karanga husambaa kwa hewa ndani ya ndege?

Hii ndiyo hofu inayoongoza. Mwaka 2024 wataalamu wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizopo, kwa ombi la mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Hawakupata ushahidi kwamba chembe za karanga husambazwa na mfumo wa hewa wa ndege na kusababisha mzio kwa abiria wa mbali. Sababu yake ni rahisi. Katika ndege kubwa hewa huingia juu na kutoka chini karibu na miguu, ikizunguka katika safu zilezile za viti badala ya kusafiri kutoka mbele hadi nyuma. Hubadilishwa yote kila baada ya dakika chache, na hupita kwenye vichujio vinavyonasa vumbi.

Uchambuzi huo ulikadiria pia kuwa matukio ya mzio wa chakula angani ni machache kati ya mara 10 na 100 kuliko ardhini kwa muda uleule. Hiyo haina maana kwamba ndege ina kinga. Inaelekea familia hizi hujihadhari zaidi zikisafiri: hubeba chakula chao na kukataa cha kugawiwa. Takwimu hiyo inaonyesha kwamba tahadhari za mzazi zinafanya kazi.

Kama hatari haiko hewani, iko wapi? Iko kwenye vitu viwili: chakula kinachoingia mdomoni, na mabaki yaliyoganda kwenye meza ya kukunja, mikono ya kiti, kifungo cha mkanda na kioo cha burudani. Mtu mzima hagusi meza kisha akalamba vidole. Mtoto wa miaka miwili hufanya hivyo kila dakika, na huokota chini kila kinachong'aa. Ndiyo maana kwa mtoto mdogo usafi wa kiti una uzito kuliko kwa mtu mzima mwenye mzio uleule.

Tafiti kuhusu karanga zinaonyesha kwamba sabuni na maji, au tishu zenye unyevu, huondoa mabaki yake mikononi. Dawa ya kutakasa mikono, ile ya jeli, huua vijidudu lakini haiondoi protini ya karanga. Inaisambaza tu kwenye kiganja.

Ahadi ya "ndege isiyo na karanga"

Baadhi ya mashirika yameacha kugawa karanga. Southwest Airlines ya Marekani iliacha mwezi Agosti 2018. Mengine hutangaza kuwa yupo abiria mwenye mzio na kuwaomba wengine wasifungue vitafunio vyenye karanga. Ni jambo jema, hasa kama jirani yako ndiye angezila. Hata hivyo mashirika mengi makubwa husema wazi kwamba hayawezi kuahidi ndege isiyo na karanga kabisa, na yanasema kweli: abiria huja na vyao, na ndege iliyotua dakika 40 zilizopita ilibeba watu waliokula.

Kuna upungufu mwingine usiosemwa sana. Katazo la karanga halimsaidii mtoto mwenye mzio wa maziwa, mayai au ufuta. Na mama akiamini kwamba ndege "imesafishwa", anaweza kulegeza macho mahali ambapo angeyakaza.

Kwa hiyo haki yenye manufaa zaidi inaweza kuwa ile inayoonekana ndogo: kuingia ndani ya ndege kabla ya wengine ili ufute kiti. Mwezi Mei 2019 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliamua kwamba American Airlines ilikosea kuwanyima nafasi hiyo abiria wenye mzio mkali wa karanga. Wizara ilitumia sheria ya mwaka 1986 inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu katika usafiri wa anga. Sheria hiyo hugusa pia mashirika ya nje kwa safari za kwenda au kutoka Marekani. Kwingineko usitegemee sheria. Omba kwa upole, eleza sababu kwa sentensi moja, na uonyeshe barua ya daktari.

Funzo kutoka safari ya London kwenda Nice

Mwezi Julai 2016 Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa Uingereza wa miaka 15, alifariki baada ya kupatwa na mzio akiwa kwenye ndege kutoka London kwenda Nice, Ufaransa. Hakula chochote cha ndege. Alikula mkate ulionunuliwa uwanjani kabla ya kuondoka. Ufuta ulikuwa umechanganywa ndani ya unga, na lebo haikuutaja. Baba yake alimdunga kalamu mbili za adrenalini, lakini hazikumwokoa. Wazazi wake walipigania mabadiliko, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 chakula kinachofungashwa palepale dukani Uingereza lazima kiandikwe viungo vyote.

Kwetu Afrika Mashariki, sambusa, kashata au mkate wa kioski mara nyingi hauna lebo yoyote, na muuzaji huenda hakuupika yeye. Kiwanja cha ndege, pale mnaposubiri kwa saa tatu mtoto analia njaa, ndipo mahali pa kuwa na chakula cha nyumbani mkononi.

Dawa iliyomo ndani ya ndege

Wazazi wengi hudhani ndege lazima ina adrenalini. Jibu linategemea ndege. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unapendekeza sanduku la dawa la kutumiwa na daktari, lenye adrenalini ndani yake, kwa ndege zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 100 katika safari ya zaidi ya saa mbili. Ndege ndogo na safari fupi ziko nje ya kipimo hicho.

Tafakari maana yake kwetu. Safari kama Dar es Salaam kwenda Zanzibar, au Nairobi kwenda Mombasa, ni fupi mno kufikia saa mbili, na baadhi hufanywa na ndege ndogo. Safari fupi ina faida ya kutua haraka. Lakini anafilaksia huhesabiwa kwa dakika, na ndege iliyo katikati ya bahari haiwezi kushuka mara moja.

Hata palipo na sanduku, mara nyingi adrenalini huwa ndani ya ampuli. Lazima apatikane mtu wa kuipima kwa uzito wa mtoto na kuivuta kwa sindano, ndege ikiyumba. Nchini Marekani sheria ya mwaka 2018 iliitaka mamlaka ya anga kuchunguza kama masanduku hayo yanakidhi mahitaji ya watoto, na hoja kuhusu kalamu zilizo tayari kutumika imeendelea tangu hapo. Mpaka mjadala huo ufike kwenye ndege utakayopanda wewe, dawa ya kutegemea ni ile iliyo ndani ya begi lako.

Kizingiti cha kwetu: kuipata dawa yenyewe

Kalamu za adrenalini zinapatikana katika takriban theluthi moja tu ya nchi duniani, kwa mujibu wa Shirika la Mzio Duniani. Familia nyingi za Afrika Mashariki huziagiza kutoka nje, kwa gharama kubwa, au hazina kabisa. Dawa ya kupuliza puani iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2024, na Machi 2025 ikaja ya watoto kuanzia miaka minne wenye kilo 15 na zaidi. Ni habari njema kwa wanaoogopa sindano, ila mtoto mchanga bado hayumo.

Hata hivyo adrenalini ya ampuli ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kama kalamu haipatikani, mwulize daktari wa watoto kama inafaa akuandikie ampuli na sindano, akuandikie kipimo cha mtoto wako kwa mililita kulingana na uzito wake wa sasa, na akufundishe kwa kukufanyisha mazoezi mbele yake. Usijaribu bila mafunzo, wala usitumie kipimo cha mtoto mwingine.

Kabla ya kuondoka

- Mwone daktari wiki kadhaa kabla. Omba mpango wa dharura ulioandikwa, na barua ya Kiingereza inayotaja mzio, dawa na sindano.
- Beba dozi mbili za adrenalini, kwa sababu moja inaweza isitoshe. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Kama mtoto ana pumu, hakikisha imedhibitiwa. Pumu isiyotulia huongeza hatari ya mzio mkali.
- Liarifu shirika la ndege unapokata tiketi, na tena unapofika uwanjani. Uliza kuhusu kupanda mapema.
- Pika na ufungashe chakula cha safari nzima, pamoja na cha ziada kwa ndege ikichelewa. Chakula maalumu cha ndege si ahadi ya usalama. Cha mboga tupu kinaweza kuwa na korosho.

Ndani ya ndege

- Futa meza, mikono ya kiti, kifungo cha mkanda na kioo. Tandika kanga safi juu ya kiti.
- Mkalishe mtoto dirishani, mbali na njia ya vyakula.
- Weka dawa chini ya kiti cha mbele yako. Usiiweke kwenye kabati la juu, wala kwenye mizigo ya chini ya ndege ambako inaweza kupata joto au baridi kali.
- Mweleze mhudumu na jirani yako. Sema: "Mwanangu ana mzio mkali wa karanga. Tafadhali msimpe chakula chochote." Watu wetu hupenda kumpa mtoto kitu, ni ukarimu, lakini lazima uuzuie mapema.

Dalili zikianza

Kwa mtoto asiyejua kusema, angalia vipele vya ghafla, kutapika, kikohozi au mkoromo wa pumzi, sauti ya kilio kukwaruza, udenda mwingi, kupauka, au kulegea kusiko kwa kawaida. Kulala fofofo mara baada ya kula kusikupite bila kumwangalia.

Pumzi ikibana, au mtoto akilegea, mdunge adrenalini mara moja. Usisubiri setirizini ifanye kazi, wala usiombe ruhusa ya mhudumu kwanza. Mlaze chali na uinue miguu. Kama anahema kwa shida, aketi miguu ikiwa imenyooka. Asisimamishwe wala kutembezwa kwenda chooni. Mwite mhudumu na useme neno "anafilaksia": ataweza kuita daktari aliye miongoni mwa abiria, na rubani ataweza kuomba ushauri wa madaktari walio ardhini. Kama hajapata nafuu baada ya dakika tano, mpe dozi ya pili. Hata akipata nafuu kabisa apelekwe hospitali mkitua, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Wiki moja kabla ya safari, kaa na yeyote atakayesafiri nanyi, awe baba, shangazi au dada wa kazi, mfanye zoezi hili mpaka kila mmoja aweze kulifanya bila kusoma. Mwenye dawa anaweza kuwa amelala usingizi wakati mtoto anapoihitaji.