Karatasi ya Njugu

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilinunua njugu za shilingi ishirini kwa kijana mmoja aliyekaa kibarazani karibu na soko kuukuu la Malindi, naye akanifungia kwa karatasi iliyokwisha geuka rangi ya chai ya maziwa. Na nilipozimaliza, nikitaka kuitupa, macho yakaangukia jina la Baraza, gazeti lililoanza kutoka mwaka 1939, na chini yake tangazo la kanga, na shairi la msomaji lililokatwa katikati kwa makasi. Nikarudi mbio kuuliza karatasi zilizosalia. "Mzee wangu," akanijibu kwa adabu, "tangu asubuhi nimeuza kilo mbili, zimebaki karatasi tatu hizi." Nikazinunua zote tatu, njugu na yote.

Atakayecheka na amkumbuke Isaiah Thomas, mpiga chapa wa Massachusetts, aliyeasisi mwaka 1812 huko Worcester jumuiya ya kuhifadhi mambo ya kale ya Marekani, na ambaye muda mfupi baadaye, akiwa mtu mwenye mali na jaha, alinunua mjini Boston nyimbo za mitaani zaidi ya 300, zile zilizopigwa chapa upande mmoja wa karatasi zikauzwa kwa vijisenti, akazijalidi na kuzikabidhi kwa jumuiya yake, ilhali wanazuoni wa zama zile hawakuziona kuwa na thamani yoyote. Hata kitabu cha Zaburi kilichochapwa Cambridge ya huko mwaka 1640, nakala zipatazo 1,700, leo zimebaki 11 tu, na moja iliuzwa mnadani New York mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 14. Havikuchomwa na adui vitabu vile. Vilimalizwa na mikono ya waumini, kama zinavyomalizwa juzuu za chuoni kwetu.

Na sisi tunahusika na Wamarekani hao kuliko tudhaniavyo, wala si kwa nguo ya merikani peke yake. Sura tatu za mwanzo za kitabu cha Mwanzo, alizozifasiri mmisionari Krapf kwa Kiswahili alipokuwa Mombasa, zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847 katika jarida la jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Mashariki, nazo ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ya lugha yetu kupata wino wa matbaa. Mwaka uliofuata, Krapf akiwa amekwisha hamia Rabai, Injili ya Luka na kitabu kidogo cha kufundishia herufi, vyote viwili kwa lugha ya wenyeji wa hapo, aliyoiita kwa jina wasilolipenda wenyewe, vilitoka katika matbaa ya wamisionari wa Kimarekani mjini Bombay. Basi maneno ya mzee wa kaya, katika nchi ambayo leo ni Kilifi, yalivuka bahari yakapangwa kwa herufi za risasi na watu wasioyafahamu, na leo mwenye kutaka kuyaona katika karatasi zake za asili huenda akalazimika kufunga safari ya mbali.

Siwalaumu waliovihifadhi, lau si wao, tusingekuwa hata na la kugombania. Lawama ni yetu. Dalali wa vitu vya kale akifika mtaani huliangalia kasha, akalisifu njumu zake, akatoa bei, kisha akalipindua uani kumwaga yaliyomo: stakabadhi za forodha, kalenda za maduka ya Kihindi, tiketi za jahazi, pengine na nakala ya Al-Islah, gazeti alilolitoa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui Mombasa mwaka 1932. Kasha huenda hotelini. Karatasi hutiwa moto pamoja na makumbi ya nazi, au humfikia kijana wa njugu.

Namwomba kila mwenye kasha la marehemu babu yake, kabla hajamwita dalali, azitoe karatasi hizo, asizibandike gundi wala utepe, azipeleke kwa watu wa makumbusho, Malindi au Rabai, wazitazame. Na ikiwa msomaji alinunua njugu pale siku ile, na karatasi yake ina beti za mwisho za shairi lisilo mwanzo, tafadhali asiitupe: mwanzo wake ninao mimi.