Sangara mkubwa hajamaliza kuzaa

Makala moja kuhusu Ziwa Victoria imetaka kikomo cha juu cha urefu wa sangara anayeruhusiwa kuvuliwa, sentimita 85, kiondolewe, kwa hoja kwamba samaki aliyefika hapo keshazaa vya kutosha. Hoja hiyo inampima samaki kwa kipimo cha binadamu, na hapo ndipo inapoharibika. Mwanamke huzaliwa na akiba ya mayai inayopungua kadiri umri unavyosonga. Ovari ya samaki wa mifupa hubaki na seli changa zinazogawanyika na kuandaa mayai mapya. Tena sangara jike huchelewa kupevuka kuliko dume, kwa hiyo majike wengi wanaoruhusiwa kuvuliwa, kuanzia sentimita 50, hawajataga hata mara moja. Mpasue jike mkubwa aliyeiva: ovari mbili zimelala sambamba, zimevimba, na kila punje, ndogo kuliko ulezi, ni yai. Idadi yake ni mamilioni, maana nafasi ya tumboni huongezeka upesi kuliko urefu wa mwili.

Mwandishi anaongeza kwamba wakubwa hula watoto wao. Ni kweli, lakini hata sangara wa kati hula wadogo, na hao wa kati hakuna anayetaka tuwamalize. Kinachobaki ni bei ya bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, ambalo kwa samaki mkubwa ni fedha nyingi. Njaa ya mvuvi naiheshimu kabisa. Basi hoja hiyo na ijadiliwe kama hoja ya fedha, isivishwe joho la elimu ya uzazi wa samaki, kwa sababu elimu hiyo inasema kinyume chake.