Mwenye parseli si tribinali

Tumezoea kusema hapa juu ya wapangaji wanaoteswa. Leo tunasema na wenye nyumba, sababu wenye nyumba wengine ni sisi wenyewe.

Hapa Lubumbashi kijana hahitaji utajiri ili awe bayere. Baba anakufa, anaacha parseli Katuba ao Kampemba, watoto wanajenga vyumba viwili vitatu nyuma ya nyumba kubwa, wanaweka mwanafunzi mumoja, fundi mumoja na bibi yake. Hakuna ajansi, hakuna avoka. Mukubwa wa nyumba ndiye anatafuta mpangaji, anapokea franga, anaandika (ao haandiki) mu kaye. Na anafanya vile baba alifanyaka.

Mwenzetu mumoja amelala kasho kwa sababu hiyo. Tunasimulia kwa ruhusa yake. Mpangaji alikuwa na miezi tano bila kulipa. Mwenzetu alivumilia, kisha siku moja akapanda juu na kungoa tole za chumba. "Ni nyumba yangu, ni tole zangu," ndivyo alivyotuambia. Kweli, tole ni zake. Lakini chumba kikisha kupangishwa ni makao ya yule aliyepanga, na Katiba, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayaingiliwi isipokuwa kwa njia ya sheria. Mvua ikanyeshea godoro na vitabu vya watoto. Mpangaji akaenda kushitaki, na mwenye kudai akageuka mshitakiwa. Wakamuuliza: mkataba uko wapi? Hakuna. Risiti? Hakuna. Hata ile miezi tano alikuwa nayo mdomoni tu.

Watu wengi wanazania sheria ya kupangisha iliandikwa kwa faida ya wapangaji peke yao. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Sisi tunaomba 6, na zaidi, halafu tunasema ni soko. Sawa. Lakini siku ya ugomvi, mpangaji uliyemutoza kupita sheria ana silaha mkononi, na ni wewe ulimupa. Tena ile feza mara nyingi tumeshakula: simenti, minerval, matanga. Garanti si mapato, ni deni. Mpangaji akitaka kutoka, tunangoja mpya alete yake ili tumurudishie wa zamani. Tusidanganyane, tumefanya hivyo.

Na kufukuza je? Kwanza preavi: miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Iwe barua yenye tarehe, na mpangaji atie sinyatire kwenye kopi yako. Mukishindwa kusikilizana, munapita ofisi ya Abita ya komini kwa kupatanishwa. Ikishindikana, wanaandika PV, ndipo munaenda tribinali ya amani. Hukumu njo inafukuza. Polisi rafiki ya shemeji hafukuzi, kufuli ya usiku haifukuzi, kukata umeme pia hapana.

Tunasikia jibu: "Tribinali inachelewa, na wakati inachelewa yule anakaa bure." Ni kweli, na inauma, zaidi kwa mama mjane anayekula kupitia vyumba viwili. Hatuna jibu tamu kwake. Tunachoona ni kwamba mwenye mkataba na risiti anaongea pale akiwa amesimama, na mwenye kaye tu anaomba huruma.

Ingine ambayo vijana wanasahau: parseli ya marehemu kabla ya kugawanywa ni ya wariti wote. Dada zako ni wariti sawa na wewe, hata wale walioolewa. Ukisaini peke yako na kula peke yako, usishangae siku dada anafika ku mlango kumwambia mpangaji asikulipe tena. Saini nao, ao wakupe karatasi ya kukuruhusu. Ni aibu kidogo kuomba karatasi kwa ndugu wa tumbo moja, lakini aibu hiyo ni ya siku moja.

Kuna pia IRL, kodi ya mapato ya kupangisha, ambayo Katiba inaipa jimbo. Wengi wanakimbia mkataba ili kodi isiwaone. Hesabu hiyo ni mbaya: unaficha kodi na unapoteza ushahidi wako mwenyewe.

Kwa viongozi tunaomba kitu kimoja, na tutarudi kukiomba: kila ofisi ya Abita ibandike ku mlango bei ya kila karatasi, na mfano wa mkataba ambao mtu anaweza kupigia foto na simu. Mwenye vyumba viwili akijua atalipa ngapi, na kwamba hakuna madesu juu yake, ataenda. Leo haendi, na hatuwezi kumulaumu sana.

Mwenzetu amerudisha tole. Mpangaji angali ndani. Wameandika mkataba wao wa kwanza kwenye kurasa mbili za kaye, mbele ya dada zake wawili, na ile miezi tano imegawanywa: nusu mwezi kila mwezi, juu ya kodi ya kawaida. Ya kwanza imelipwa. Risiti iko.