Kuomba Msaada Si Kuombaomba

Katika jarida letu twazoea kusoma habari za mpira, za shamba la shule na za matokeo ya mitihani. Hayo ni mazuri, nami huyasoma yote. Lakini muhula huu naomba nafasi kidogo niseme juu ya jambo lisilotajwa sana, nalo ni hali ya mtu aliyetoka hospitali, ambaye kila mtu humdhani amekwisha pona, kumbe bado.

Desturi yetu ya kuwatazama wagonjwa ni njema sana. Mtu akilazwa hapa Itumba, au kule Isoko, au akipelekwa Mbeya, jamaa humiminika: huyu ana uji, huyu ana ndizi, huyu ana sala. Lakini siku mgonjwa aruhusiwapo kurudi nyumbani, watu husema, "Mungu ashukuriwe," kisha kila mtu hurudi shambani kwake. Hapo ndipo upweke uanzapo. Mwili umetoka kitandani, lakini nguvu hazijarudi. Dawa ni za miezi mingi. Masomo yamempita. Na moyo wake, ambao hakuna aliyeupima, bado umelala.

Waganga wa hospitali huiita hali hiyo sonona, yaani kule kusonona, kuumwa moyoni. Si huzuni ya siku moja ya kufeli hesabu. Ni ugonjwa. Mtu mwenye sonona hukosa furaha karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi. Usingizi humkimbia, au humzidi. Chakula hakimpendezi, mwili huchoka bila kazi, fikira hazitulii, naye hujiona hana thamani. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 ulimwenguni wana ugonjwa huu. Tena maradhi marefu, kama kifua kikuu, kisukari na ugonjwa wa moyo, huukaribisha. Nao ukiisha kuingia humfanya mgonjwa aache hata dawa za yale maradhi ya kwanza. Hivyo magonjwa mawili hushikana mikono dhidi ya mtu mmoja.

Nasema haya kwa kuwa yamenipata. Nilipokuwa kidato cha pili niliugua kifua kikuu cha mapafu, nikameza dawa miezi 6. Kikohozi kilikoma mapema, na daktari akathibitisha kwamba simwambukizi mtu tena. Lakini kijijini kwetu kikombe changu kiliendelea kuwekwa mbali na vingine, na vijana wenzangu walikuwa wamezoea kutonipitia jioni. Nikawa nalala mchana, na usiku nahesabu mabati. Nikifungua kitabu, maneno yalipita kama maji juu ya jiwe. Watu wema waliniambia, "Jikaze." Kujikaza ni shauri jema kwa mtu mwenye kitu cha kukaza, mimi sikuwa nacho.

Shangazi yangu, ambaye alikuwa msimamizi wangu wa dawa, ndiye aliyeniuliza swali lenye faida: "Wataka usaidiwe kitu gani, na siku gani?" Nilikaa siku mbili nikilifikiri swali hilo. Kisha nilimwomba mwenzangu wa dawati mambo matatu tu: aninakilie masomo ya fizikia kila Ijumaa, anisindikize hospitali siku ya kuchukua dawa, na aje akae nami jioni ya Jumapili bila kuniambia nijikaze. Akakubali yote. Shangazi naye alifuatana nami, tukamweleza mganga habari za moyo kama tulivyokwisha mweleza habari za kifua. Sikupona kwa wiki moja. Lakini tangu hapo sikuwa tena peke yangu.

Basi nataka kusema wazi jambo ninaloliamini: kuomba msaada wakati wa kupona ni sehemu ya matibabu, wala si kuombaomba. Huku kwetu milimani, mtu akiwa na shamba kubwa la mahindi asiloliweza peke yake, huwaita jirani kwa ujima. Huwaambia kazi ni ipi, siku ni ipi, na kama waje na majembe au mapanga. Hakuna amwitaye ombaomba, maana kila mtu ajua zamu yake yaja. Mwenye kupona naye ana shamba lililomshinda. Yafaa aite ujima wake, na aseme kazi na siku, kwa kuwa watu wengi hupenda kusaidia ila hawajui waanzie wapi.

Tena jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo alifanya kazi kubwa katika mpango huo. Mojawapo ya mafundisho yake makuu ni kwamba haitoshi kumpa mgonjwa vidonge; hapana budi awepo mtu wa kumwona akivimeza mpaka mwisho. Utaratibu uliojengwa hapa Tanzania baadaye ulifuatwa na mataifa mengi. Ikiwa kidonge chahitaji mwenzi, je, moyo usihitaji?

Majirani zetu nao wamelijaribu jambo hili. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, vijiji 30 vilishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanawake mbali na wanaume mbali, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Walioviongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa kazi hiyo. Watu walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, na maisha yaliyogeuka kwa sababu ya maradhi. Walioketi katika vikundi hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wale wasioketi.

Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alifiwa na mgonjwa wake ambaye hakuwa na nauli ya basi ya kumfikia hospitalini. Mwaka 2006 akaanza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Kila bibi alikaa kwenye benchi karibu na zahanati, akamsikiliza mgonjwa, wakatafuta pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, katika kila watu 100 waliohudumiwa na akina bibi, kama 14 tu walikuwa bado na dalili za sonona; miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50. Benchi hilo limekwisha fika Zanzibar, na Malawi pia, ambayo twaiona ng'ambo ya mto Songwe. Sisi tulio mbali na hospitali kubwa twajua nauli ni kitu gani.

Najua wako watakaosema kwamba siri za moyo hazitolewi nje ya nyumba. Nakubali, siri ni ya mwenyewe. Lakini kumwomba mtu akusindikize hospitali si kutoa siri. Wako pia wazazi watakaouliza kama mtoto aliyezoea kusaidiwa hatakuwa mvivu. Mtu aliyevunjika mguu hupewa mkongojo ili aanze kutembea, wala si ili akae. Siku mguu ukipata nguvu, mkongojo huwekwa pembeni bila kulazimishwa.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, kila mwanafunzi anayerudi shuleni baada ya ugonjwa mrefu achague mwenzi mmoja wa kuwa naye muhula mzima, na mwalimu wa darasa amjue mwenzi huyo. La pili, liwekwe benchi moja mahali penye kivuli, na alasiri moja kila wiki mwalimu wa ushauri nasaha aketi hapo pamoja na mama mmoja au wawili wenye hekima kutoka mjini, waliofundishwa kusikiliza. Gharama yake ni mbao na misumari. La tatu, mzazi amletapo mtoto na barua ya daktari, asiikabidhi barua na kuondoka, bali akae na mwalimu nusu saa waelezane.

Neno moja la hadhari. Mwenzi si daktari. Ukimsikia mwenzako akisema kwamba amechoka kuishi, au angeona heri afe, usimwache peke yake wala usimtunzie siri hiyo. Mwite mwalimu, matroni au mzazi saa ile ile, na mpelekwe hospitali. Sonona ina dawa na ina matibabu, na wengi wamepona.

Nawe ndugu uliye kitandani, au uliyekaa nyuma ya darasa ukijifanya wasoma, nakuambia kama nilivyoulizwa mimi: wataka usaidiwe kitu gani, na siku gani? Tafuta mtu mmoja umwambie. Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kuona vingine, na aandike katika jarida la muhula ujao, nami nitamsoma kwa furaha.